Kabla hujasema "Urusi inataka": nadharia za uhusiano wa kimataifa na jinsi ya kuzitumia

Uchambuzi mwingi wa siasa za dunia huharibika kwenye sentensi ya kwanza: "Urusi inataka", "China imekasirika", "Marekani imeamua". Ni sentensi fupi na kila mtu huzitumia, lakini ndani yake mna nadharia nzima iliyopenyezwa kimyakimya. Anayezitamka ameshakubali kwamba nchi ina akili moja na matakwa mamoja, kwamba alichoamua rais ndicho kinachotekelezwa na jeshi, na kwamba anachotaka kiongozi wa leo angekitaka yeyote aliyekalia kiti chake. Pengine ndivyo ilivyo, na pengine sivyo kabisa. Kazi ya nadharia ni kumlazimisha mchambuzi ayatoe hayo hadharani, kisha ayapime.

Tuanze na dhana, maana mabishano mengi yanayodhaniwa kuwa ya nadharia ni ya watu wawili wanaotumia dhana moja kwa maana mbili.

Dola

Mhusika mkuu wa fani hii ni dola. Serikali huja na kuondoka kwa uchaguzi au kwa mapinduzi. Dola hubaki, na madeni yake na mikataba yake hubaki nayo. Taifa nalo ni jambo jingine: Wakurdi ni taifa lisilo na dola, waliotawanyika hasa katika Uturuki, Iraq, Iran na Syria. Kipimo kinachotajwa kuliko vyote kimo katika Mkataba wa Montevideo wa 1933, nacho kina masharti manne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika uhusiano na dola nyingine. Wanafunzi wengi huyakariri manne hayo na kuishia hapo. Yapeleke kwenye ramani uone yanavyoyumba.

Mwaka 1991 serikali kuu ya Somalia ilisambaratika, na kwa miaka mingi hapakuwa na mamlaka Mogadishu yenye uwezo wa kuitawala nchi. Hata hivyo Somalia haikufutwa kwenye orodha ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo Somaliland ilijitangazia uhuru, ikaunda serikali, ikatoa sarafu yake na baadaye ikafanya chaguzi za ushindani. Kwa masharti matatu ya mwanzo ya Montevideo, Somaliland ya mwishoni mwa miaka ya tisini ilifuzu kuliko Somalia yenyewe, lakini haikupewa uanachama wa Umoja wa Mataifa.

Stephen Krasner alilifungua fundo hili mwaka 1999 kwa kuyagawa mamlaka ya dola katika mafungu manne: uwezo wa kutawala ndani ya mipaka, uwezo wa kudhibiti vinavyovuka mipaka, yaani watu, bidhaa, fedha na habari, kutambuliwa kisheria na dola nyingine, na kutoingiliwa na wa nje katika namna ya kujitawala. Dola yaweza kuwa na fungu moja ikakosa jingine. Somalia ilikuwa na la tatu bila la kwanza. Taiwan ina la kwanza kwa ukamilifu, ila la tatu liliporomoka zaidi baada ya Azimio 2758 la Oktoba 1971, lililoipa Jamhuri ya Watu wa China kiti cha China katika Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo anayeuliza kama nchi fulani "ni huru kweli" hajauliza kitu kinachojibika mpaka ataje fungu analokusudia. Nchi iliyosaini masharti ya mkopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa imebanwa katika fungu la nne, huku la tatu likiwa halijaguswa.

Hakuna aliye juu

Dhana ya pili ndiyo inayotenganisha siasa za kimataifa na siasa za ndani: juu ya dola hakuna mamlaka yenye jeshi, mahakama ya lazima na polisi wa kutekeleza hukumu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague husikiliza kesi za dola zilizokubali kusikilizwa nayo, basi. Mwaka 1986 Nicaragua iliishinda Marekani katika mahakama hiyo. Marekani ikakataa hukumu, na suala lilipofikishwa Baraza la Usalama ikalizima kwa kura ya turufu. (Mahakama hiyo isichanganywe na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyo katika mji huohuo, iliyoanza mwaka 2002 na inayoshtaki watu, si dola. Kosa hili hurudiwa hata na vyombo vikubwa vya habari.)

Kukosekana kwa mamlaka ya juu si sawa na vurugu. Barua huvuka mipaka, ndege hutua, mabalozi hawakamatwi, na mikataba mingi hutekelezwa siku nenda siku rudi bila mtu kushikiwa bunduki. Kinachokosekana ni uhakika kwamba mwenzako akivunja ahadi kuna wa kumwadhibu.

Baraza la Usalama ndilo lililo karibu zaidi na mamlaka hayo, na hesabu yake ina maana kuliko hotuba zake. Wajumbe ni 15, wa kudumu 5. Azimio la jambo zito huhitaji kura 9 za ndiyo, na pasiwe na hapana hata moja kutoka kwa wale watano. Mjumbe wa kudumu akijizuia kupiga kura, au asipohudhuria, hiyo si turufu. Ndivyo azimio la kuisaidia Korea Kusini lilivyopita Juni 1950: Wasovieti walikuwa wamesusia vikao kwa sababu ya kiti cha China. Mambo ya utaratibu hayana turufu kabisa. Na kuna jambo linalosahaulika: wajumbe 7 kati ya wale 10 wasio wa kudumu wakikataa kusema ndiyo, azimio limekufa, kwa kuwa zinabaki 8. Machi 2003, Marekani, Uingereza na Hispania ziliiondoa rasimu yao ya pili kuhusu Iraq bila kuipeleka kwenye kura. Ufaransa ilikuwa imetishia turufu, ndiyo, lakini hata zile kura 9 hazikuwa zimepatikana. Mtu anaposema "Umoja wa Mataifa umeshindwa", muulize ni kura ipi iliyokosekana, ya nani. Baraza liliundwa mwaka 1945 makusudi lisiweze kutumika dhidi ya mmoja wa wakubwa watano, na kwa kipimo hicho halijaharibika hata kidogo.

Uhalisia

Nadharia kongwe huanzia hapo hapo penye kukosekana kwa mamlaka ya juu. Kama hakuna wa kukuokoa, jitegemee. Na kama unajitegemea, hesabu uwezo wa wenzako kabla ya kusikiliza nia zao, kwa sababu nia hubadilika usiku mmoja. Hans Morgenthau, mwaka 1948, aliweka chanzo cha mashindano katika tabia ya binadamu. Kenneth Waltz, mwaka 1979, alisema tabia ya binadamu haihitajiki: muundo wenyewe unatosha, maana hata viongozi wapole wakiwekwa katika mfumo usio na mlinzi watajilinda. Waltz aliona dola zikitafuta usalama wa kutosha na kutulia. John Mearsheimer, mwaka 2001, akajibu kwamba hakuna ajuaye kiasi gani kinatosha, hivyo dola kubwa huendelea kujiongezea kila zinapopata mwanya. Anayesema "wanauhalisia wanasema" bila kutaja yupi kati ya hao amesema nusu, kwa kuwa utabiri wao hutofautiana. Mfuasi wa Waltz anatarajia mizani ya nguvu na tahadhari. Mfuasi wa Mearsheimer anatarajia dola inayopanda ijaribu kuwafukuza wengine katika eneo lake.

Neno "nguvu" lenyewe huleta balaa. Robert Dahl alilieleza mwaka 1957 kuwa ni uwezo wa A kumfanya B atende ambalo B asingelitenda. Hayo ni matokeo. Wachambuzi wengi huhesabu vifaru, pato la taifa na idadi ya watu, ambavyo ni mali ghafi ya nguvu, kisha hushangaa Marekani iliposhindwa Vietnam. Kati ya mali ghafi na matokeo kuna mambo mengi: utayari wa kuvumilia hasara, umbali, jiografia, na kama chombo ulicho nacho kinafaa kwa kazi hiyo. Bomu la nyuklia haliwezi kukusanya kodi kijijini.

Ndani ya uhalisia kuna kitu ninachokiona kuwa chenye manufaa kuliko vyote katika fani hii, nacho ni mtanziko wa usalama. John Herz alikipa jina mwaka 1950. Dola moja inajiimarisha kwa nia ya kujilinda tu, jirani haoni nia, anaona silaha, naye anajiimarisha, ya kwanza inaona hofu yake imethibitika. Wote wawili wanamaliza wakiwa na silaha zaidi na usalama pungufu, bila yeyote kuwa mchokozi.

Robert Jervis alikiongezea makali mwaka 1978 kwa maswali mawili. La kwanza: teknolojia na jiografia za wakati huo zinampendelea anayeshambulia au anayejilinda? La pili: je, silaha za kushambulia zinatofautika kwa macho na za kujilinda? Kama shambulio lina faida na silaha hazitofautiki, hali ni ya hatari kabisa, kwani anayesubiri anaumia na anayejihami anafanana na anayejiandaa kuvamia. Kama ulinzi una faida na silaha zinatofautika, dola inaweza kujenga ngome bila kumtisha mtu. Mfano wa kwanza unaoletwa daima ni Julai 1914, kuelekea Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi makuu yaliamini, kimakosa, kwamba anayeanza hushinda. Mpango wa Ujerumani ulitaka Ufaransa ipigwe haraka kupitia Ubelgiji kabla Urusi haijamaliza kukusanya askari wake kwa reli. Hivyo Urusi ilipotangaza uhamasishaji wa jumla tarehe 30 Julai, hata kama kwa Urusi hiyo ilikuwa tahadhari, kwa Berlin saa ilikuwa imeanza kuhesabu. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita.

Mahali pa kukosea ni hapa: si kila uhasama ni mtanziko wa usalama. Mtanziko upo pale tu ambapo pande zote kwa kweli zingetosheka na hali iliyopo. Ujerumani ya Hitler haikutaka usalama ndani ya hali iliyopo, ilitaka kuibomoa. Tofauti hii si ya kitabuni, kwa kuwa tiba zinapingana. Penye hofu ya pande mbili, hatua za kutuliza husaidia: ukaguzi, kurudisha majeshi nyuma, simu ya moja kwa moja. Penye mvamizi, hatua zilezile humtia moyo, na kinachosaidia ni kumzuia kwa tishio linaloaminika. Ukikosea utambuzi, dawa yenyewe inazidisha ugonjwa. Na mbaya zaidi, ukiwa katikati ya mgogoro, ushahidi wa hali hizo mbili hufanana sana. Ndiyo maana wachambuzi wawili makini, wakisoma habari zilezile, hupendekeza mambo yanayopingana. Wanatofautiana katika kukisia nia tu.

Uliberali, ambao ni mambo matatu

Wakosoaji huufanya uliberali uonekane ndoto ya amani. Ukweli ni madai matatu yanayopimika kila moja peke yake.

La kwanza ni biashara. Norman Angell huchekwa kwa madai kwamba aliandika mwaka 1910 kuwa vita haviwezekani tena kwa sababu uchumi wa Ulaya umefungamana. Hakusema hivyo. Alisema vita havilipi, hata kwa mshindi. Mwaka 1914 ulionyesha kwamba watu wanaweza kufanya kisicholipa. Toleo lenye akili zaidi la Robert Keohane na Joseph Nye, mwaka 1977, halisemi kutegemeana huleta amani. Linasema kutegemeana kusiko sawa ni chanzo cha nguvu. Ambaye angeumia kidogo uhusiano ukikatika ndiye mwenye mpini. Ukitaka kujua vikwazo vitauma au la, usitazame ukubwa wa biashara peke yake. Tazama kila upande una mbadala gani na utachukua muda gani kuupata.

La pili ni demokrasia. Michael Doyle, mwaka 1983, akifufua hoja ya mwanafalsafa Kant ya 1795, alionyesha kwamba demokrasia karibu hazijapigana zenyewe kwa zenyewe. Hakudai kwamba demokrasia ni nchi za amani: hupigana sana na zisizo za kidemokrasia, na zilitawala makoloni kwa mabavu. Matokeo ya hoja hii hutegemea unavyoainisha. Watafiti wengi huhesabu kuwa "vita" pale vifo vya mapigano vinapofika 1,000. Vita vya Kargil kati ya India na Pakistan, mwaka 1999, huingizwa katika hesabu hiyo, na Pakistan ilikuwa na waziri mkuu aliyechaguliwa. Mtetezi wa nadharia atasema oparesheni ile ilipangwa na jeshi. Mpinzani atasema basi kila mara mtatafuta udhuru. Wote wawili wana hoja.

La tatu ni taasisi, na hapa uliberali una nguvu kuliko unavyopewa sifa. Hoja ya Robert Keohane, mwaka 1984, inaanza na dhana za wanauhalisia wenyewe: dola zina ubinafsi na hakuna polisi. Hata hivyo zinaweza kushirikiana kama kuna taasisi inayopunguza gharama za mapatano, inayotoa taarifa za nani ametimiza, na inayohakikisha kwamba wahusika watakutana tena, ili kudanganya leo kuwe na gharama kesho.

Linganisha mikataba miwili. Itifaki ya Montreal ya 1987, ya kulinda tabaka la ozoni, imeridhiwa na wanachama wote wa Umoja wa Mataifa na imefanikiwa kuondoa karibu kemikali zote ilizolenga. Itifaki ya Kyoto ya 1997, ya kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, ilisainiwa na Marekani ikabaki bila kuridhiwa, na Canada ikajitoa. Wengi huridhika kusema dunia ya 1987 ilikuwa na nia njema. Fungua vifungu uone. Montreal ilikataza biashara ya kemikali hizo na nchi zisizojiunga, kwa hiyo kukaa nje kulikuwa na bei. Nchi zinazoendelea zilipewa miaka 10 ya ziada, na kuanzia 1991 mfuko maalumu wa kulipia gharama za kubadili viwanda. Ratiba ya kupunguza kemikali zilizokwisha kuorodheshwa iliweza kukazwa bila kila bunge kuridhia upya. Wazalishaji walikuwa makampuni machache, na mbadala ulikuwa unakaribia kupatikana. Hewa ya ukaa hutoka kwenye karibu kila shughuli ya uchumi, na Kyoto haikuwa na adhabu ya biashara kwa aliyebaki nje. Kwa hiyo unaposoma mkataba mpya, ruka utangulizi wenye maneno matamu. Tafuta nani anakagua, nini kinampata asiyejiunga, nani anamlipa asiyeweza, na kifungu cha kujitoa kinadai notisi ya miezi mingapi.

Kusaini na kuridhia ni hatua mbili. Kwa Mkataba wa Vienna wa 1969, unaohusu sheria ya mikataba, aliyesaini akisubiri kuridhia analazimika tu asifanye jambo la kuuvunja mkataba lengo lake. Na hata aliyeridhia, soma alichoahidi hasa. Ibara ya 5 ya NATO, iliyotumika mara moja baada ya Septemba 11, 2001, inasema shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote, kisha inamwachia kila mwanachama achukue hatua anayoona ni ya lazima. Haisemi kila mmoja atatuma askari. Hati ya Budapest ya Desemba 1994, ambayo Ukraine iliipata kutoka Urusi, Marekani na Uingereza ilipokubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake, ilitoa ahadi za kuheshimu mipaka na za kupeleka suala Baraza la Usalama ikiwa silaha za nyuklia zitatumika au kutishiwa. Wajibu wa kuja kupigana haukuwamo.

Ukonstraktivisti

Alexander Wendt, mwaka 1992, aligusa msingi ambao pande mbili zilizotangulia ziliuchukulia kuwa umepewa. Kukosekana kwa mamlaka ya juu, alisema, hakuna maana moja. Maana yake hutengenezwa na dola zenyewe kwa namna zinavyoamiliana. Mfano wake maarufu: silaha 500 za nyuklia za Uingereza haziitishi Marekani kama 5 za Korea Kaskazini. Hesabu ya uwezo haielezi hilo; inahitaji kujua nani anamwona nani rafiki.

Hii ndiyo nadharia rahisi zaidi kuitumia vibaya. Mwanafunzi huandika "ni utambulisho" na kuona amemaliza. Lazima uonyeshe utambulisho au kaida ilitoka wapi, ilisambazwa na nani, na ilimzuia nani kufanya nini alichokuwa na uwezo na faida ya kukifanya. Bila sehemu hiyo ya mwisho hujaonyesha kitu. Mkataba wa Ottawa wa 1997 dhidi ya mabomu ya ardhini ni uwanja mzuri wa majaribio. Ulisukumwa na mashirika ya kiraia na dola zenye nguvu za wastani, bila Marekani, Urusi wala China, na bado ulibadili mwenendo wa nchi nyingi. Kisha mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland, zote zikipakana na Urusi au Belarus, zikachukua hatua za kujitoa. Mwanauhalisia atasema tishio lilipokaribia, kaida iliyeyuka. Mkonstraktivisti atauliza kwa nini nchi hizo zilifuata utaratibu mrefu wa bunge na notisi badala ya kutega mabomu tu, na kwa nini zilijieleza sana. Swali zuri ni nini kingetokea kwa nchi zisizo na jirani wa kutisha: zikibaki ndani, hoja zote mbili zina mahali pake.

Wanaouliza nani anafaidi

Raúl Prebisch, mwaka 1950, alidai kwamba bei za mazao na madini hushuka polepole zikilinganishwa na za bidhaa za viwandani, hivyo nchi inayouza mali ghafi hukimbia ili ibaki palepale. Walter Rodney, mwaka 1972, alipokuwa akifundisha Dar es Salaam, aliipa hoja hiyo historia ya Afrika. Immanuel Wallerstein akaipanua kuwa mfumo wa dunia wenye kitovu, pembezoni na ukanda wa kati. Nguvu ya kundi hili ni kukataa kuanza na dola zilizo sawa: linauliza dola zilipatikanaje, na kazi ipi ilipangiwa nani. Udhaifu wake ni nchi zilizopanda, Korea Kusini ikiwa ya mbele, ambazo humlazimisha mtetezi aeleze ni nini ndani ya nchi kilichofanya tofauti. Cynthia Enloe naye, mwaka 1989, aliuliza wanawake wako wapi katika picha hii, akawakuta kwenye kambi za kijeshi, ubalozini na viwandani, wakiendesha mambo ambayo wengine waliyahesabu kuwa ya faragha. Ni vigumu kuyasahau maswali hayo ukishayasikia, hata kama hukubali majibu yote.

Cuba 1962, kwa ngazi tatu

Waltz, mwaka 1959, alipanga sababu za vita katika ngazi tatu: mtu, dola, na mfumo. Mgogoro wa makombora ya Cuba, pale Usovieti ilipopeleka makombora ya nyuklia kisiwani humo, ndio mazoezi bora, kwa sababu nyaraka zake ni nyingi.

Kwanza, usiulize "mgogoro ulisababishwa na nini". Gawanya: kwa nini Wasovieti walipeleka makombora? Kwa nini Marekani ilichagua kuzuia meli badala ya kushambulia? Kwa nini makombora yaliondolewa? Nadharia inayojibu vizuri swali moja inaweza kuwa bubu kwa jingine.

Swali la kwanza linajibiwa vizuri na ngazi ya mfumo. Marekani ilikuwa mbele sana katika makombora ya masafa marefu, na ilikuwa na makombora ya Jupiter Uturuki na Italia. Kuweka ya masafa ya kati Cuba kulikuwa njia ya mkato ya kupunguza pengo, na pia ya kuilinda Cuba baada ya uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe wa 1961 ulioungwa mkono na Marekani.

Swali la pili linakupeleka ndani ya dola. Graham Allison, mwaka 1971, alionyesha jinsi mashirika yanavyofuata mazoea yake. Vituo vya makombora vilijengwa kwa mpangilio uliozoeleka Usovieti, bila kufichwa vya kutosha, ndiyo maana picha za ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, za tarehe 14 Oktoba ziliwezekana kusomeka. Upande wa pili, jeshi la anga la Marekani halikuweza kuhakikisha kuteketeza makombora yote. Hoja ya kimaadili nayo ilisikika mezani: kwamba kushambulia kisiwa kidogo kwa ghafla kungekuwa kurudia Pearl Harbor, shambulio la ghafla la Japani dhidi ya Marekani mwaka 1941, safari hii Marekani ikiwa mtendaji. Hapo mkonstraktivisti ana ushahidi wake. Jina lililochaguliwa lilikuwa "karantini", maana mzingiro wa bahari kisheria ni kitendo cha vita, na Shirika la Nchi za Amerika liliidhinisha tarehe 23 Oktoba.

Kisha njoo ngazi ya mtu, na hapa ndipo "Urusi inataka" inapovunjika vipande. Tarehe 27 Oktoba ndege ya U-2 ilitunguliwa juu ya Cuba kwa uamuzi wa makamanda wa Kisovieti waliokuwa kisiwani, Moscow haikuagiza. Siku hiyohiyo, manowari ya Kisovieti B-59, iliyobeba torpedo ya nyuklia, ililazimishwa na meli za Marekani kuibuka, na kwa simulizi za waliokuwamo, Vasili Arkhipov, afisa mwandamizi aliyekuwa ndani yake, ndiye aliyemtuliza kamanda asiitumie. Mfumo ulikuwa uleule, dola zilezile. Matokeo yangeweza kuwa mengine.

Swali la tatu ndilo la kuangaliwa kwa uangalifu zaidi. Tarehe 28 Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, alitangaza kuondoa makombora, na hadharani Marekani ilikuwa imeahidi tu kutoivamia Cuba. Kwa hadithi hiyo, kesi ni ushindi wa tishio linaloaminika, na ndivyo ilivyofundishwa kwa muda mrefu. Lakini usiku wa tarehe 27 Robert Kennedy, ndugu wa Rais John Kennedy na mwanasheria mkuu wake, alikuwa amemwambia Dobrynin, balozi wa Usovieti, kwamba makombora ya Uturuki yataondolewa, kwa sharti la kutotangazwa, na kufikia Aprili 1963 yalikuwa yameondolewa. Mwaka 1989 Theodore Sorensen, aliyekuwa msaidizi wa rais, alikiri kwamba alipohariri kumbukumbu za Robert Kennedy alificha jinsi makubaliano hayo yalivyokuwa ya wazi kati yao. Ukiingiza ukweli huo, kesi inasogea kutoka kwenye safu ya vitisho kuelekea safu ya mapatano, ingawa meli zilibaki palepale baharini.

Kwa mgogoro unaoendelea leo, basi, andika pembeni ya hitimisho lako mambo yasiyojulikana ambayo yangeligeuza: ahadi ya siri kati ya wajumbe, amri iliyotolewa na kamanda wa chini, tathmini ya kijasusi aliyokuwa nayo kiongozi mezani siku ile. Weka na tarehe. Nyaraka zikifunguliwa, rudi kwenye orodha hiyo kabla ya kurudi kwenye nadharia.